Kati ya "Nenda" na "Twende": Tuliyojifunza kwa Wanafunzi wa Afya Mwanza

Saa nne usiku, wodini. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anajichoma kidole kwa sindano aliyotoka kumtolea mgonjwa damu. Ni tone dogo tu, ndani ya glavu. Anatazama huku na huku, anavua glavu, ananawa haraka, anavaa nyingine, anaendelea na kazi. Asubuhi, kwenye foleni ya chai, anamnong'oneza mwenzake. Mwenzake akimjibu "nenda karipoti", mara nyingi haendi. Akimjibu "twende", anakwenda.

Karibu kila tulichojifunza kwa kukaa na wanafunzi wa udaktari, uuguzi, maabara na famasi hapa Mwanza kimo ndani ya maneno hayo mawili. Yule mwanafunzi hakukosa elimu. Ukimpa swali hilo kwenye mtihani atalijibu lote: osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usilikamue, usipake jiki wala spiriti, mwambie msimamizi wa zamu papo hapo. Mgonjwa aombwe ridhaa apimwe VVU na homa ya ini, na wewe upimwe. Dawa kinga za VVU zianze mapema iwezekanavyo, zikiwa ndani ya saa chache ni bora zaidi, na zisianze baada ya saa 72. Zinanywewa siku 28. Anajua pia kwamba chanjo ya homa ya ini B huwa dozi tatu, na kama ana bahati alishazimaliza kabla hajaingia wodini. Anayajua yote hayo, na bado ameficha.

Ameficha kwa sababu anajua ataulizwa "nani alikuruhusu kutoa damu peke yako?" Anaogopa kuitwa mzembe mbele ya wenzake. Anaogopa kipimo chake mwenyewe kuliko anavyoogopa cha mgonjwa. Na kama ni Ijumaa usiku, anajipa moyo kwamba Jumatatu haiko mbali, wakati saa 72 za Ijumaa saa nne usiku zinaisha Jumatatu saa nne usiku, na Jumatatu asubuhi kuna raundi, madaktari wakipita kitanda kwa kitanda. Mwenzake akisema "twende", anakuwa amebeba nusu ya aibu. Anajua mlango wa kugonga, anamwomba mtu wa tatu awaangalizie wagonjwa, anasimama pembeni wakati fomu inajazwa. Tena kazi yake haiishi hapo. Dawa zile huleta kichefuchefu na uchovu, na wengine huziacha siku ya nane au ya kumi. Rafiki anayeuliza kila jioni "umekunywa?" kwa siku 28 ametoa msaada kuliko aliyeandika ujumbe mrefu wa pole.

Mficha uchi hazai, wazee walisema. Ila wodini inafaa kuuliza pia ni nani aliyemfanya mtu aone heri kuficha.

Watu huchanganya mambo matatu, na kwa kuyachanganya hutoa msaada unaopiga pembeni. La kwanza ni kujithamini: mtu anajiona ana thamani kiasi gani kama mtu. La pili ni imani ya uwezo: je, kitu hiki, leo, kwa mgonjwa huyu, naweza kukifanya? La tatu ni msaada wa watu: nikikwama, nina nani? Hayatembei pamoja. Binti aliyeongoza shule nzima kule Magu au Sengerema anaweza kuja chuoni akiwa na kujithamini kwa kutosha, akafika kwenye kitanda cha kwanza mikono ikamwishia nguvu. Ukimsifu unapoteza muda, kwa sababu sifa anazo tangu darasa la pili. Anachohitaji ni mtu wa kumsimamia mara tano mfululizo. Kijana mwingine ana mikono ya dhahabu, manesi wenyewe humwita mishipa ikiwashinda, lakini kwa kuwa ana sapu, yaani mtihani wa kurudia, ya fiziolojia anajiona takataka. Huyo ukimpeleka kwenye chumba cha mazoezi akachome mkono wa plastiki mara hamsini hujamgusa hata kidogo.

Wanafunzi wengi hulifanya suala hili kuwa utafiti wao wa mwaka wa mwisho, kwa hiyo tuseme kidogo kuhusu kupima. Dodoso la kujithamini linalotumika zaidi duniani ni la Morris Rosenberg la mwaka 1965: kauli 10, tano za kujisifia na tano za kujishusha. La msaada wa kijamii ni la Zimet na wenzake la 1988: kauli 12, nne za familia, nne za marafiki, nne za "mtu wa pekee". La imani ya uwezo kwa jumla ni la Schwarzer na Jerusalem: kauli 10, kila moja alama 1 hadi 4, jumla 10 hadi 40. Yote matatu yanajazwa ndani ya dakika kumi na tano. Urahisi unaishia hapo.

Kosa la kwanza ni kusahau kugeuza alama za zile kauli tano za kujishusha kabla ya kujumlisha. Ukisahau, matokeo yanakaa katikati, kila mtu anaonekana wa wastani, na hakuna anayeshtuka. Kosa la pili limo kwenye lugha yetu. Kauli inayouliza kama mtu ana cha kujivunia, kwa Kiswahili inagonga neno majivuno, na mtoto aliyelelewa kwa adabu atakataa kuwa na majivuno hata kama anajiheshimu vizuri kabisa. Halafu kuna kauli ya kukanusha ambayo mtu anatakiwa kuikataa: "sikubali kwamba sina..." Hapo watu hujaza popote ili wamalize. Isomewe watu watano au sita kwanza, kila mmoja aeleze kwa maneno yake ameelewaje, ndipo ichapishwe. Na "mtu wa pekee" kwa kijana wa miaka ishirini ni mchumba. Asiye na mchumba anaweka alama ya chini kabisa kwa roho nyeupe, kumbe ana shangazi Nyakato anayempikia kila Jumapili. Ongezea mfano kwenye maelezo: shangazi, mlezi, kiongozi wa kwaya, jirani.

Dodoso la imani ya uwezo kwa jumla, kwa maoni yetu, halimsaidii sana anayetaka kumwinua mwanafunzi fulani. Albert Bandura, aliyeleta wazo hilo kwenye saikolojia kwa makala yake ya 1977, alisisitiza kwamba imani ya uwezo hufungwa kwenye kazi mahususi. Mtu anaweza kuwa jasiri wa kuongea na ndugu wa mgonjwa na mwoga wa kushika sindano. Basi andika kazi kwenye karatasi, kutoka nyepesi kwenda nzito, na mwanafunzi ajipe namba kati ya 0 na 100 kwa kuruka kumi kumi: kupima presha ya mtu mzima aliyetulia, kuweka kanula (mrija mwembamba wa plastiki wa kupitishia dawa au maji mshipani) kwa mtu mzima mwenye mishipa inayoshikika, kuweka kanula kwa bibi mwenye ngozi laini, kuweka kanula kwa mtoto aliyeishiwa maji. Ukiona 80, 60, 30, 10, una ramani. Unaanzia pale penye 60, kwa sababu 80 hapamfundishi kitu na kwenye 10 atavunjika.

Bandura alitaja vyanzo vinne vya imani hiyo: kufanya mwenyewe ukafaulu, kuona mtu anayefanana nawe akifaulu, kuambiwa na mtu unayemwamini, na hali ya mwili wako wakati huo. Cha kwanza ndicho chenye nguvu kuliko vyote. Kanula inakionyesha vizuri kuliko kitu kingine chochote.

Kaa. Hilo ndilo jambo la kwanza, na ndilo linalorukwa. Mwanafunzi huinama juu ya kitanda kwa sababu anaona aibu kuomba kiti, mgongo unakaza, mkono unatetemeka, naye anasoma mtetemeko ule kama ushahidi kwamba hawezi. Tafuta kiti, au pandisha kitanda kama kinapanda. Msalimie mgonjwa, mweleze, pata ridhaa yake. Funga mpira vidole vinne juu ya pale utakapochoma, usikae umefungwa zaidi ya dakika moja. Mpira wenyewe siku nyingi ni glavu iliyofungwa fundo, na inafaa. Usitafute mshipa kwa macho. Kwenye ngozi yetu nyeusi mshipa mzuri mara nyingi hauonekani, unaguswa: ukiubonyeza unarudi kama mpira wa baiskeli uliojaa upepo. Ule mgumu kama kamba uache. Paka spiriti, hesabu mpaka thelathini ikauke. Ukichoma kabla haijakauka inawasha, mgonjwa anavuta mkono, na wewe unadhani umekosea kuchoma.

Vuta ngozi kuelekea chini kwa kidole gumba cha mkono mwingine ili mshipa usikimbie. Ingia sindano ikiwa imelala nyuzi 15 hadi 30, mdomo wa sindano ukitazama juu. Damu itaonekana kwenye kile kichupa cha nyuma. Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapopoteza mshipa waliokwisha kuupata. Wakiona damu wanafurahi, wanasukuma plastiki palepale, na plastiki inagoma au uvimbe unaota. Sababu ni kwamba ncha ya chuma inatangulia ncha ya plastiki: chuma kimeshaingia mshipani, plastiki bado iko mlangoni. Damu ikionekana, inamisha kanula ilale zaidi, sogeza yote pamoja milimita moja au mbili, ndipo chuma kitulie na plastiki isukumwe mbele. Fungua mpira kabla ya kutoa chuma, bana mshipa kwa kidole juu ya ncha ya plastiki, toa chuma, tupa moja kwa moja kwenye boksi la njano. Usirudishe kifuniko. Wengi wanaojichoma hujichoma wakirudisha kifuniko, na tumeshaona jambo hilo linavyoishia kwenye foleni ya chai.

Ngazi yake iko hivi. Mkono wa plastiki mpaka upate mara tano mfululizo bila kuelekezwa. Kisha mtu mzima mwenye mishipa mizuri, asiye na haraka, kwa mfano anayeandaliwa upasuaji wa kesho, kwa kanula ya pinki au ya bluu (rangi huonyesha unene wake). Kisha mzee. Kisha mtu mnene. Mtoto mwishoni, kwa ya njano, na mtu akiwa amekushikia mkono wa mtoto kweli kweli. Kwa bahati mbaya wodi huipindua ngazi hii chini juu. Mara ya kwanza ya mwanafunzi huwa usiku wa manane, kwa mtoto aliyeharisha siku mbili, kwa sababu kila mtu ana kazi na yeye ndiye aliyesimama bure. Anashindwa, kama ambavyo daktari wa miaka kumi angeweza kushindwa, na kuanzia siku hiyo anasema "mimi sina mikono". Kumwambia "utaweza tu" hakuondoi kilichotokea. Mrudishe ngazi ya pili kesho yake asubuhi, usingoje wiki ijayo.

Na kanuni ya mara mbili: ukikosa mara mbili, unampa mwingine. Jaribio la tatu hufanywa kwa mkono wenye hofu, kwa mgonjwa aliyechoka. Ila angalia kanula inavyopokewa. Mkubwa anayeinyakua na kusema "toka hapo" amemaliza kazi ya mgonjwa na kuharibu ya mwanafunzi. Anayesema "mdogo wangu, kaa hapo, nivutie ngozi, utazame nikiinamisha" amefanya zote mbili kwa muda uleule.

Kuhusu kumwona mwingine, tulikuwa tunaamini mwanafunzi afundishwe na aliye bora kabisa. Siku hizi hatuamini hivyo. Bingwa anaweka kanula kwa sekunde kumi na mtazamaji anaondoka akijua tu kwamba bingwa ni bingwa. Mwanafunzi wa mwaka wa nne anayefanya polepole, akisema kwa sauti "hapa nimekaza sana... narudi nyuma kidogo... sawa", ndiye anayemwachia mtazamaji wazo kwamba hata yeye anaweza.

Sifa nazo ziwe na anwani. "Hongera daktari!" inapita kama upepo wa ziwani. "Umesubiri spiriti ikauke, ndiyo maana hakuvuta mkono" inabaki, kwa sababu anaweza kuirudia kesho. Kukosoa vilevile: sema kitendo, sema kifanyweje, na usiseme mbele ya mgonjwa. Wako wanaoamini kwamba kudhalilishwa kwenye raundi ndiko kulikowafanya madaktari imara. Huenda. Ila mwanafunzi aliyedhalilishwa kwa kuuliza haulizi tena, na siku atakayokosea dozi hatauliza pia.

Hali ya mwili tuipitie upesi ingawa si ndogo. Raundi ikianza asubuhi na mapema na mtu hajala tangu jana saa moja jioni, mikono itatetemeka. Chai na chapati mbili kabla ya kupanda mlima wa Bugando, ilipo hospitali, ni sehemu ya mafunzo. Anayetetemeka akiwa ameshiba, atoe pumzi taratibu kwa muda mrefu kuliko anavyoivuta, mara tano sita, kabla ya kuvaa glavu, na aambiwe wazi kwamba mtetemeko ni moyo kwenda mbio tu. Mtu mwenye ujuzi naye hutetemeka.

Sasa msaada wenyewe. Kuna wa moyo, kuna wa vitu na vitendo, kuna wa taarifa, na kuna wa kukuambia umesimama wapi. Makosa mengi ni ya kupeana aina isiyotakiwa saa hiyo. Aliyefiwa na mama yake analetewa desa, yaani nukuu za masomo, la wiki nzima "asibaki nyuma". Asiyeelewa mishipa ya fahamu ya mkono anaambiwa aombe sana. Kuomba aombe, ila mchoreeni pia. Njia rahisi ni kuuliza: "Unataka nikusikilize, nikusaidie kufanya, au nikwambie ninachojua?" Mwanzoni swali hili linachekesha. Baada ya wiki mbili kundi linalizoea, mtu anajibu kwa neno moja.

Msaada wa vitu una majira yake kwenye pwani hii ya ziwa, na mtu asiyeyajua atawaelewa vibaya wanafunzi wake. Mkopo wa bodi, bumu kama wanavyoliita, huja kwa awamu, na siku za mwisho kabla ya awamu nyingine vyungu vya mageto hukauka. Hilo linajulikana. Lisilojulikana sana ni mwezi. Mtoto wa mvuvi wa dagaa kutoka Ukerewe, Ukara au Kome hupata pesa za nyumbani kwa kufuata giza. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku usio na mbalamwezi. Mwezi ukijaa, mitumbwi inapandishwa ufukweni, na nyumbani hakuna kinachoingia. Kwa hiyo kila mwezi ana siku kadhaa za ukame, na zikikutana na mwisho wa bumu anaacha kuja diskasheni ili asionekane hana nauli ya daladala kutoka Buhongwa. Wenzake wanasema amelegea. Mtoto wa mkulima wa pamba kutoka Kwimba au Misungwi yeye ana ukame mmoja mrefu, mpaka msimu wa kuuza ufunguliwe.

Kundi lenye akili hupanga kwa kalenda hiyo. Watu watano wanaoweka shilingi 2,000 kila mmoja kwa wiki wana 40,000 baada ya wiki nne. Hiyo ni nauli, ni unga, ni stesheneri ya mtu mmoja aliyekwama. Mfuko ukae kwa mtu mmoja, daftari kwa mwingine. Deni lirudishwe bila riba na bila kutajwa kwenye kundi la simu. Kinachoua mifuko hii ni kutangazwa kwa jina la aliyesaidiwa, wizi huwa nadra. Mtu akishatangazwa mara moja, mara ya pili atalala njaa.

Na kila mtu awe na cha kutoa. Mwanafunzi aliyetoka Lindi au Unguja anafika wodini, anakutana na babu anayejibu kwa Kisukuma tupu, anashindwa kuchukua historia na kujiandikia kwamba hana kipaji cha kuongea na wagonjwa. Kipaji anacho, ila lugha imemkwama. Mwenzake Msukuma anamfundisha kusalimia, mwangaluka asubuhi na mwadila mchana, na maswali kumi ya lazima: panauma wapi, tangu lini, umekula, umetapika. Naye wa Lindi anamlipa kwa baiokemia. Msaada wa upande mmoja humchosha mtoaji na humshusha mpokeaji. Ukibadilishana, hakuna anayeona haya.

Diskasheni ndipo haya yote hukutana, na ndipo huharibika. Idadi nzuri ni wanne hadi sita. Saba tayari wawili wanachati. Mara mbili kwa wiki, dakika 90, isizidi. Dakika kumi za kwanza ni za "sikuelewa": kila mmoja lazima ataje kitu kimoja ambacho hakukielewa wiki hiyo, hata yule anayeongoza darasa, na yeye ndiye aanze. Asipoanza yeye, wengine watasema "mimi niko sawa" kwa zamu mpaka dakika ziishe. Kisha kila mtu anafundisha kipande chake kwa dakika kumi bila kusoma daftari. Anayesoma daftari ananyamazishwa kwa utani. Kipande cha mwenye udhaifu kiwe kidogo na apewe siku tatu kabla: asifundishe "figo", afundishe jinsi chujio moja la figo linavyofanya kazi. Akimaliza, mwingine anauliza maswali mawili ya pasti pepa.

Kinachoharibika ni hiki. Mmoja anajua sana, anageuka mhadhiri. Wenzake wanaandika, wanaondoka wameridhika, na mtihani unawakuta hawajawahi kukitoa kichwani mwao hata mara moja. Au kundi linakuwa la kabila moja au la shule moja ya sekondari, raha tupu, lakini wote wana tundu lilelile kwenye kemia. Au linahamia usiku saa nne kwenye geto la mtu, na mabinti wanaoishi mbali wanaacha kuja kwa sababu ya njia, na hakuna anayeuliza kwa nini. Hili la njia lifikiriwe tangu siku ya kutafuta chumba. Chumba cha bei nafuu peke yako Nyegezi kinaweza kuwa ghali kuliko cha bei juu kidogo chenye wenzako wawili njiani.

Halafu sapu. Matokeo yanabandikwa, na saa 48 za kwanza ndizo zinazoamua mengi. Mwanafunzi ajue kwanza ni sehemu gani iliyomwangusha: mtihani wa mwisho, majaribio ya kati, au vitendo, maana namba moja ya jumla haimwambii kitu. Aende ofisi ya idara kuhakiki alama zimejumlishwa sawasawa. Ajue tarehe ya kurudia. Amwone ofisa mikopo kama anadhaminiwa. Na apige simu nyumbani kabla hajapigiwa na jirani mwenye mtoto darasa moja naye.

Hiyo simu ndiyo ngumu, kwa sababu nyumbani alishaitwa daktari tangu siku aliyopata barua ya kujiunga, na mtaa mzima humletea vidonda vyake akirudi likizo. Wazazi wengi pia hawatofautishi sapu na kudisko, yaani kuondolewa chuoni. Sentensi nne zinatosha, na tumezisikia zikifaulu:

"Shikamoo baba."

"Marahaba, daktari wetu."

"Baba, matokeo yametoka. Nimefaulu masomo sita, moja nimepata sapu, fiziolojia. Sijafukuzwa. Nitarudia kabla ya mwaka mpya wa masomo, na nimeshapata mtu wa kunifundisha."

Neno "sijafukuzwa" lisikosekane, na lisicheleweshwe. Ukianza na "baba, kuna tatizo" na mtandao ukakatika hapo, kama unavyopenda kukatika kwa aliye Ukara, mzee atapanda mtumbwi. Mwenzako akae nawe wakati unapiga. Haongei, anakaa tu.

Wako ambao hali yao inapita ya sapu. Anaacha kuoga, anagawa vitu vyake, anasema wenzake wangepumzika bila yeye, anaangalia dawa kwa namna isiyo ya kazi. Muulize waziwazi kama anafikiria kujidhuru. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Usimwache peke yake, dawa ziondoke chumbani, na usikubali kufungwa mdomo kwa ahadi ya siri. Hospitali ya rufaa iliyo jirani ina watu wa afya ya akili, na mshauri wa wanafunzi yupo. Hapa kuliko popote, usimwambie nenda.

Mwaka mpya unapoanza, mabasi hushusha wanafunzi stendi ya Nyegezi na Nyamhongolo, begi la bati au la magurudumu, bahasha ya vyeti kwapani. Kila mgeni apewe mtu mmoja wa mwaka wa pili au wa tatu, wa kozi yake, kwa jina na namba ya simu, kabla ya orodha ya ada. Mtu huyo ana kazi tatu tu: wiki ya pili, wiki ya sita, na siku moja baada ya jaribio la kwanza, amtafute. Asiulize "unaendeleaje", kwa maana jibu lake ni "safi" hata mtu akiwa na malaria. Aulize jana alikula nini, alikula na nani, na ni mhadhara upi ulimpita. Kisha anyamaze asikilize, na kama jibu la swali la pili ni "peke yangu", jioni hiyo waende wote kula.